Ulianza kuchora ukubwani? Tupeane uzoefu, hasa wa Dodoma na kanda ya kati

Mwalimu Mstaafu:
Mbukwenyi ndugu zangu. Nilifundisha hisabati mpaka nikastaafu, brashi nimeishika baada ya hapo. Kilichonivuta ni mibuyu ya njia ya Hombolo. Miaka yote nilikuwa naipita tu, macho kwenye madaftari ya wanafunzi. Sasa nakwenda na kigoda, nakaa mbele yake.

Watu husema Dodoma kame, utachora nini? Sikubaliani nao hata kidogo. Litazame gome la mbuyu saa kumi na mbili na nusu asubuhi: ndani ya ule ujivu mna waridi, mna zambarau, na pale jua linapogusa mna shaba. Saa sita vyote vimemezwa na jua kali, ndiyo maana nafanya kazi alfajiri na jioni. Napenda zaidi kiangazi, mti ukiwa hauna jani na kila tawi liko wazi. Mvua zikikaribia unachipua, unakuwa mti mwingine kabisa, nami naanza upya.

Mlioanza mkiwa na mvi, nini kiliwasukuma? Na mnatumia vifaa gani?

Mama wa Kondoa:
Shikamoo mwalimu. Mimi mkulima wa alizeti. Watoto wamekua, nikapata nafasi. Kilichoniamsha ni michoro ya mapangoni Kolo, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nimezaliwa jirani, lakini utotoni tulikatazwa kuchezea huko, maana wazee walipanda kuomba mvua, na kuna wanaokwenda mpaka leo. Nilipopanda ukubwani kumsindikiza mgeni, nikakuta watu warefu wembamba, twiga, tembo, wote kwa wekundu wa udongo wetu. Nikaona kabisa kwamba aliyewachora alikuwa akiwatazama wanyama hao kila siku, kama mimi ninavyotazama ng'ombe wakirudi jioni. Nikaanza na ng'ombe.

Rangi yangu ni udongo. Naponda, nachekecha kwa kitambaa, nachanganya na gundi nyeupe ya mbao na maji kidogo. Wekundu wake unatokana na chuma, jua haliupaushi. Ila jamani, udongo chukueni mashambani kwenu! Kule mapangoni msiguse ukuta, wala msiumwagie maji ili michoro ing'ae. Inaharibika, na hakuna wa kuirudisha.

Fundi Rangi Chang'ombe:
Shikamooni wazee wangu. Mimi napaka nyumba, na rangi zinazobaki nachorea majabali ya hapa mjini, yale mawe makubwa yaliyopandana. Msione haya kwa umri wala kwa vifaa. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968, umri umeshapita miaka 30, kwa hadibodi na rangi za mafuta za kawaida za dukani. Leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake.

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba wanangu. Mama, udongo wako haupasuki ukikauka?

Mama wa Kondoa:
Ukiupaka mzito unapasuka. Paka tabaka jembamba, liache likauke, ongeza jingine. Na uchekeche mara mbili, mchanga wowote ukibaki unakwaruza brashi. Ukipita Kondoa nitakufungia wa aina tatu: mwekundu, wa njano na mweupe.