Kenya ni vyama vingi ama kila mtaa na chama chake?

Kijana_Kaptembwo
Wakuu niaje, mnisaidie, chama cha siasa hapa kwetu kazi yake ni gani haswa? Hapa Nakuru tangu ugatuzi uanze tumepata magavana watatu na kila mmoja aliingia na chama tofauti, 2013 TNA, 2017 Jubilee, 2022 UDA. Kofia ya Jubilee mathe bado huivaa akienda shamba lol. Marekani wako na viwili miaka na miaka, si hata sisi tuwekewe viwili kwa sheria tumalizane na hii maneno?

Jamaa_wa_Kondele
Nyinyi angalau hubadilisha. Kisumu gavana ni ODM 2013, ODM 2017, ODM 2022. Uchaguzi wetu wa ukweli ni mchujo wa chama, ukishashika cheti cha ODM, Agosti kwa uchaguzi mkuu unaenda tu kuchukua kiti. Na hao Wamarekani hakuna sheria inawaambia viwili bana, ni vile mwenye kura nyingi anabeba kiti peke yake basi chama cha tatu kinakufa njaa. Ata sisi, ukitoa kiti cha rais, tunabeba hivyo hivyo, ni vile cha tatu chetu hakifi juu kiko na kwao.

Mwalimu_Webuye
Kijana, kuwekewa na sheria tulishawekewa. KPU, chama cha upinzani cha Jaramogi Odinga, ilipigwa marufuku 1969, alafu 1982 bunge likaingiza kifungu cha 2A kwa katiba, chama ni KANU pekee yake. 1988 ikaja mlolongo kwa mchujo wa KANU, unapanga laini nyuma ya picha ya mgombea mchana kweupe chifu akikuangalia, ukipata asilimia 70 umepita hakuna kura ya siri, na kuna mahali laini fupi ndio ilitangazwa imeshinda, mimi nafundisha hesabu nikanyamaza. Kifungu kilitolewa Desemba 1991. Mwaka uliofuata FORD, chama cha upinzani, ikagawanyika mbili na Rais Moi wa KANU akapita na kama asilimia 36.

Kijana_Kaptembwo
Pole mwalimu sikumaanisha KANU irudi 😅 lakini kwa nini kila uchaguzi lazima muungano mpya?

Mwalimu_Webuye
Ni hesabu tu. Katiba ya 2010 inataka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote na robo katika kaunti 24, na hakuna jamii inafika hapo peke yake. Ndio maana FORD-Kenya yetu ya Bungoma haiwezi toa rais lakini ikaingia muungano wa Kenya Kwanza 2022 na kiongozi wake wa wakati huo akawa spika wa bunge la taifa. Chama kidogo ni kama ng'ombe wa mahari, unamfuga ukingoja siku ya mazungumzo.

Kijana_Kaptembwo
😂😂 Sawa. Na huo mchujo mtu yeyote anapiga?

Jamaa_wa_Kondele
Sheria ya 2022 inasema memba waliosajiliwa tu. Ingia eCitizen uangalie uko wapi.

Kijana_Kaptembwo
Nimeangalia. Kumbe niko memba wa chama sijawai kiskia tangu nizaliwe.