Giaboksi ya manyuo ya gari la spoti: GL-4 au GL-5?

Swali: Wakuu, giaboksi ni ya gia 6, ndani kuna oili ya GL-5 75W-90 (GL-4 na GL-5 ni madaraja ya oili ya gia, 75W-90 ni uzito wake). Gia ya 2 inakwaruza nikiiingiza haraka. Nibadili oili, au sinkronaiza (pete za kulinganisha mizunguko ya gia) zimekwisha?

Jibu 1: Mkuu, anza na kitabu cha gari. Kikitaja GL-4, hiyo oili ndiyo ya kwanza kushukiwa. Pete ya sinkronaiza, mara nyingi ya shaba, inafanya kazi kwa msuguano: lazima ibane koni ya gia mpaka mizunguko ilingane. GL-5 ina viongezi vya salfa na fosforasi karibu mara mbili ya GL-4, kwa hiyo pete inateleza na meno yanagongana. Baadhi ya viongezi hivyo pia hula shaba joto likipanda.

Jibu 2: Ila GL-5 si mbaya kila mahali. Subaru nyingi za manyuo, difu ya mbele (gia za kugawa nguvu kwa magurudumu) inatumia oili moja na giaboksi, na meno ya difu yanaidai GL-5. Ukiweka GL-4 humo unaweza kuua difu.

Jibu 3: Kabla ya kumwaga, legeza kwanza nati ya kujazia. Ikigoma, usiguse nati ya chini ya kumwagia, utakosa pa kujazia! Mwaga oili ikiwa vuguvugu, kisha kagua sumaku ya nati ya kumwagia, kama ipo. Tope jeusi laini ni kawaida. Vipande vyenye kingo kali ni meno. Chembe za njano zinazomeremeta ndani ya oili, ambazo sumaku haizishiki, ni pete zinalika, na hapo oili mpya haitaziponya.