Kwenda Kigali na gari la usukani wa kulia: nijihadhari na nini?

Mkazi wa Kahama:
Habari zenu ndugu. Mwishoni mwa mwezi ujao natarajia kuendesha gari langu dogo kutoka Kahama hadi Kigali kupitia Rusumo, nikiwa na mama yangu mzazi na mwanangu wa miaka saba, kwenda harusini. Nina leseni mwaka wa kumi na moja sasa, lakini sijawahi kuendesha nje ya Tanzania, na kinachonikosesha usingizi ni kwamba Rwanda magari hupita kulia na usukani wangu nao uko kulia. Naomba waliokwisha kupita huko wanieleze hatari hasa iko wapi.

Dereva wa Masafa:
Dada, umefanya vyema kuuliza mapema. Nimepitisha malori Rusumo tangu enzi za daraja la zamani, kabla hili jipya halijafunguliwa mwaka 2016, na nakuhakikishia kuwa mpakani penyewe si pa kuogopa, kwa sababu pale kila mtu yuko macho, mwendo ni wa polepole na unalifuata gari lililo mbele yako. Hatari huja ukishazoea. Mimi yalinikuta asubuhi ya siku ya pili, karibu na Kibungo: nilikuwa nimelala vizuri, nimekunywa chai, nikatoka kituo cha mafuta barabara ikiwa nyeupe, na mikono ikanipeleka kushoto kama niko Nzega. Nilikwenda hivyo hadi utingo wangu alipopiga kelele, na basi dogo lilikuwa tayari linachomoza kwenye kona. Tangu siku hiyo nimebandika utepe mwekundu karibu na tundu la ufunguo, na kabla ya kuwasha gari huugusa na kutamka kwa sauti, "Kulia." Kazi hiyo ya kutamka mpe mwanao.

Jambo jingine ni kulipita lori. Utakuwa umekaa upande wa ukingo wa barabara, kwa hiyo huoni kinachokuja mpaka karibu gari lako lote limekwisha kutoka, na njia ile ina vilima na kona nyingi. Usimtegemee mama akuchungulie, maana asiyeendesha hakadirii mwendo wa gari linalokuja. Kaa nyuma, acha nafasi, uchelewe.

Mtanzania Kigali:
Naunga mkono yote. Mjini, angalia mizunguko. Sisi huiita kipilefti, na jina lenyewe linatuagiza kushika kushoto. Huku unauzunguka kinyume cha mshale wa saa, na magari ya kutazama kwanza yanatoka kushoto kwako. Mfundishe na mtoto hivyo hivyo anapovuka kwa miguu, kwani akitazama kulia kwanza kama alivyozoea, atakanyaga barabara bila kuliona gari lililo karibu naye. Kamera za mwendo ni nyingi, na ukitozwa faini ilipe kwa utaratibu wake, wala usimnyooshee askari fedha. Nambari ya polisi ya dharura ni 112.

Kwa kuwa umesema mwishoni mwa mwezi, Jumamosi ya mwisho ni umuganda, yaani siku ya kazi za pamoja za jamii, na asubuhi kuanzia saa mbili hadi saa tano shughuli na safari husimama. Fika Ijumaa. Saa za huku ziko nyuma kwa saa moja, hivyo giza huingia saa kumi na mbili za Rwanda, wakati saa yako ya mkononi inasoma saa moja.

Fundi Umeme wa Magari:
Taa zako zimetengenezwa zimulike zaidi ukingo wa kushoto. Ukipita kulia, mwanga huo unamwingia machoni anayekuja. Simamisha gari mbele ya ukuta gizani, uwashe taa za chini, utaona mwanga umepanda upande wa kushoto kama kilima. Funika kioo cha taa kwa utepe mweusi kidogo kidogo hadi kilima kile kishuke, kisha uubandue ukirudi.

Mkazi wa Kahama:
Nawashukuru sana. Leo nimeuliza kuhusu bima, nikaelezwa kuwa niliyonayo inaishia mpakani na napaswa kukata Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya gari ya kuvukia mpaka, kabla ya safari. Tutaondoka Alhamisi, tulale Benaco, tuvuke Ijumaa asubuhi. Utepe mwekundu nimekwisha kuubandika.