Dawa za marehemu: niziweke kwenye kontena la Tanga?

Asalaam aleikum jamani,
Nasikia kontena linafungwa Jumamosi. Arobaini ya Baba Salma imepita na kabati lake bado limejaa: vidonge vya presha boksi sita, vya sukari sijui vingapi, na insulini tatu kwenye friji hazijaguswa. Kuzitupa roho inaniuma, na kule kwetu watu wanameza nusu dozi. Nizielekeze hospitali gani?
Mama Salma, Leicester

---
Shikamoo mama, na pole tena kwa msiba. Mimi kazi yangu ni famasi, nakuomba usizitume. Dawa ikishatoka dirisha la famasi hakuna ajuaye imelala wapi, kabatini au kwenye buti la gari. Mwongozo wa WHO wa kuchangia dawa, wa 1996, uliorekebishwa 1999 na 2010, unakataza waziwazi dawa aliyokwisha kupewa mgonjwa. Hata zile ambazo hazijafunguliwa, kwa kawaida zinatakiwa zifike zikiwa zimebakiza mwaka mzima. Insulini ndiyo usiseme, wiki kadhaa ndani ya bati la moto! Na famasi ya hapo Leicester haiwezi kumpa jirani yako vidonge hivyo. Kwa nini apewe mama wa Muheza? Warudishie famasi, wanapokea bure na kuziteketeza.
Juma

---
Juma kasema kweli. Mwaka mmoja nilijitolea kuchambua misaada baada ya mafuriko huko nyumbani. Boksi limeandikwa "DAWA" kwa maka peni. Ndani matone ya macho yameshafunguliwa, dawa ya kikohozi imemwagikia kila kitu, na pakiti za maandishi ambayo hakuna aliyeyajua. Siku mbili, watu wanne, tukapata ndoo moja tu ya dawa za kutumika. Bosnia vita vya miaka ya tisini viliwaachia takataka za dawa zilizokadiriwa tani 17,000.
Wenye nia tuchange pesa. Hospitali itaje inachokosa, kinunuliwe hukohuko. Kusafirisha dawa kunataka kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, kabla mzigo haujaondoka, na sisi hatuna.
Bi Mwanaidi

---
Nimezipeleka leo asubuhi, mfuko mzima. Yule binti wa famasi hata hakuufungua. Kwenye mchango niandikieni na mimi pauni hamsini. Imebaki mashine yake ya kupimia presha, nzima kabisa. Nayo hairuhusiwi?
Mama Salma

---
Hiyo tuwaulize kwanza kama wanaihitaji, mama. Betri zake ni zile za redio?
Juma