Mtoto mahututi kuingizwa kwenye utafiti kabla fomu haijasainiwa: mnakubali?

Wadau, salaam kutoka Mtwara. Juzi msibani Chikongola tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Hoja ni hii: mtoto kaletwa usiku hajitambui, na hospitali iko kwenye utafiti wa tiba ya dharura. Je, daktari amwingize kwa neno la mdomo la mama, fomu ya ridhaa ije kusainiwa hali ikitulia? Wengi pale barazani walisema hapana, sisi si panya wa maabara. Mimi nasema ndiyo, na kilichonibadilisha ni dripu.

Mwaka 2009 ulianza utafiti ulioitwa FEAST, ukiongozwa na Profesa Kathryn Maitland, mtafiti wa Kilifi, Kenya. Hospitali zilikuwa sita: nne Uganda, moja Kenya, na Teule ya Muheza hapa kwetu Tanzania. Walichukuliwa watoto wenye homa kali ambao damu ilikuwa haizunguki sawasawa, miguu na mikono baridi. Kwa kila mtoto ilifunguliwa bahasha, kama bahati nasibu, kujua atapewa tiba ipi. Wengine ziliwaangukia za kukimbiziwa maji mengi ya dripu ndani ya saa moja, kama miongozo ya tiba ilivyokuwa inaelekeza. Wengine wakapewa maji ya polepole tu. Dawa walipewa wote. Mama aliyechanganyikiwa aliruhusiwa kukubali kwa mdomo kwanza, maandishi baadaye, na kamati za maadili zilikuwa zimepitisha hivyo.

Walipofika watoto 3,141 utafiti ukasimamishwa, Januari 2011. Waliokimbiziwa maji walikuwa wanakufa zaidi: ndani ya saa 48, kati ya kila 100 walifariki kama 10 na nusu, na wale wa maji ya polepole 7 na kitu. Tiba iliyoaminiwa miaka yote ndiyo iliyokuwa inaongeza vifo! Na kabla ya hapo, katika tiba ya kawaida, mama hakuwa analetewa fomu akaulizwa kama anakubali mwanawe akimbiziwe maji. Watoto walikuwa wanajaribiwa kila siku, ila hakuna aliyekuwa anahesabu.

Haya, nichapeni.

Kangomba: Mkuu, hesabu zako nimezielewa, lakini umejipiga mwenyewe. Wale waliofunguliwa bahasha ya maji mengi wakafa, mama zao uliwaambia nini? Neno la mdomo la mtu anayelia si ridhaa. Saa nane usiku, mtoto anarusha miguu, daktari akiniambia nikubali niuze hata baiskeli, nakubali.

Dada wa Wodini: Niongeze jambo kabla mtu hajaenda kumnyima mtoto maji. Utafiti ule haukuhusisha wanaoharisha na kutapika, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua. Mtoto wa kuharisha aliyekaukiwa bado anahitaji maji, tena mengi. Msisome nusu.

Kuhusu ridhaa, niko katikati. Fomu nimezishika sana: kurasa kadhaa, Kiswahili cha ofisini, na mama anatafuta pa kuweka kidole gumba huku mkono mwingine umeshika kichwa cha mtoto. Ule wino haujawahi kunionesha kama mtu kaelewa.

Mleta mada: Kangomba, hilo la mama zao sina jibu la kukuridhisha. Ila bila bahasha zile, watoto wote wangeendelea kukimbiziwa maji, na tungesema ni mapenzi ya Mungu.

Tena kuna jambo letu sisi wa kusini ambalo fomu hailijui. Imeandikwa "mzazi au mlezi". Kwetu Wamakonde, na hata Wamwera na Wayao, mtoto ana mjomba. Miaka ile dada yangu alilazwa na mwanawe, degedege haliachi, wakataka kumtoa maji ya mgongo wapime. Akagoma mpaka mimi niseme. Na mimi nilikuwa shambani Tandahimba naokota korosho, mtandao wa kupanda juu ya kichuguu. Simu ilinipata alfajiri. Wauguzi walimgombeza dada usiku kucha kana kwamba ni mjinga, wakati alikuwa anafuata utaratibu aliolelewa nao. Mtoto alipona, sasa ananizidi urefu.

Kwa hiyo nasema ruhusa ianze kuombwa kijijini mapema, wakati watu wana akili zao, wajomba wakiwepo. Anayekataa ajulikane mapema, asiguswe. Usiku wa dharura mama aulizwe maneno matatu tu.

Kangomba: Hapo nusu umenipata. Sasa jibu na hili: hao wa utafiti wakishamaliza, nani hurudi kutuambia walichokiona? Mimi nimewahi kutolewa damu na kuhojiwa mpaka idadi ya kuku. Gari likaondoka, mpaka leo kimya.

Mleta mada: Hilo nakubali kabisa. Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kisitolewe tena kwa mtu ambaye hakurudisha majibu alikochukua damu. Na mahali pa kuyasoma papo: siku ya mnada wa korosho, chama cha msingi cha wakulima kinajaa, wajomba wote wapo, na hakuna anayeondoka kabla ya kusikia bei.

Dada wa Wodini: Wayasome kabla ya bei, basi. Ikishatajwa hamna atakayesikiliza.