Naomba ushauri: mwandiko unachuja nikipaka vanishi

Habari zenu wanakikundi. Nimekwama, naombeni msaada.

Nachora kwa rangi za akriliki kwenye turubai, kisha juu yake naandika kwa mkono maneno ya barua za marehemu mama. Nilipata moyo kwa kazi za Shirin Neshat, msanii mzaliwa wa Iran anayeandika kwa wino juu ya picha za nyuso na mikono. Mwandiko ndio roho ya kazi yenyewe. Ukiharibika, kwangu hakuna kinachobaki.

Shida ni vanishi. Naandika kwa kalamu ya kuchovya na wino wa maji. Nikipitisha brashi yenye vanishi ya maji, wino unayeyuka na kuacha michirizi, hata nikisubiri siku 3. Nikajaribu maka pen: haikuchuja, ila karibu na dirisha imepauka ndani ya miezi michache. Vanishi ya kupuliza nimeijaribu kwenye kipande kidogo tu, ikashika.

Je, nikishapuliza tabaka jepesi mara mbili tatu, naweza kumalizia kwa brashi bila wino kuchuja? Na ni wino wa aina gani usioyeyuka ukikauka, wala kupauka kwa mwanga? Turubai moja kubwa imeshaandikwa kwa wino wa maji, nami sijathubutu kuigusa.