Presha inaondoa ukihami, sumaku inaurudisha? Chumvi za Bechgaard zinanichanganya

Binti_Ngongona:
Wakuu mbukwenyi. Niko mwaka wa tatu fizikia hapa Dodoma, Alhamisi nina semina na mada nimeichagua mwenyewe kwa kiherehere changu, vipitishi vya umeme vya ogani, yaani vya molekuli za kaboni. Ninachoelewa mpaka sasa, (TMTSF)2PF6 ukiipoza bila kuibana inapitisha umeme kama metali ya kawaida, ikifika kelvini 12 (kama nyuzi 261 chini ya sifuri) inagoma, inakuwa kihami, yaani haipitishi umeme. Ukiibana kwa presha ya kama kilobari 12 ule mgomo unaisha, na ukishuka chini ya kelvini 1 ukinzani unapotea kabisa, yaani supakondakta, ndo walichokiona kina Jérome kule Orsay Ufaransa mwishoni mwa 1979 kwa fuwele za mkemia Bechgaard wa Denmark, ndo maana zinaitwa chumvi za Bechgaard. Sawa. Sasa nasoma kwamba ukiiwekea uga mkali wa sumaku ikiwa imebanwa vilevile, ule ugonjwa wa zamani unarudi. Halafu kuna chumvi nyingine, λ-(BETS)2FeCl4, yenyewe sumaku ndo inaifanya iwe supakondakta! Nani ananidanganya hapa?

Dereva_Jamatini:
Mi presha naijua ya matairi na ya mama mkwe. Kilobari 12 ndo ngapi?

Chapati_za_Moto:
@Dereva_Jamatini bari 12,000, tairi la gari dogo ni bari 2 na ushee. Chini kabisa ya Ziwa Tanganyika, mita kama 1,470 huko, ni bari 147 hivi, kwa hiyo zidisha mara 80 😂

Binti, hakuna anayekudanganya. Molekuli za TMTSF ni bapa, zimepangwa kama chapati kwenye hotipoti, elektroni inaruka kutoka chapati moja kwenda ya juu yake bila shida, ila kuvuka kwenda hotipoti ya jirani ndo kazi. Kwa hiyo umeme unaenda kama SGR, mbele na nyuma, hakuna kuchepuka. Na elektroni zikishakuwa kwenye mstari mmoja hivyo hazina pa kupishana, baridi ikizidi zinajipanga zenyewe spini (kale kasumaku ka kila elektroni) juu, spini chini, kwa wimbi na safari inakufa, huo ndo ukihami wako wa kelvini 12. Presha inasogeza hotipoti karibu karibu, elektroni zinaanza kuvuka pembeni, mpangilio unavurugika, wimbi linakosa pa kushika.

Sasa sumaku. Elektroni inayokimbia ndani ya uga inasukumwa pembeni, lakini hapa haipigi duara, inakwenda kama nyoka kushoto kulia huku ikisonga mbele, na uga ukiwa mkali zaidi mikunjo ya nyoka inakuwa myembamba zaidi. Umeona? Sumaku imeirudisha relini, wimbi linapata tena pa kushika. Hiyo ni hoja ya wanafizikia Gor'kov na Lebed, 1984. Na halirudi mara moja, linarudi kwa hatua, ukipima ukinzani wa Hall (volti inayojitokeza pembeni ya mkondo, gawanya kwa mkondo) unaona ngazi kabisa, inapanda, inatulia bapa, inapanda tena. Hapo ndo patamu, usiparuke kwenye semina.

Mzee_wa_Kelvini:
Umeeleza vizuri kijana. Ile ya BETS ni kisa kingine kabisa binti yangu, usivichanganye. Ndani yake kuna ioni za chuma, na sumaku ya zile ioni inazikandamiza elektroni zinazokimbia kwenye tabaka za molekuli za BETS kwa upande ulio kinyume na uga wa nje. Ukiongeza uga wa nje viwili vinaanza kufutana, kuanzia kama tesla 17 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku) usupakondakta unatokea, na karibu na tesla 33 elektroni ni kama hazioni sumaku yoyote, ndo maana inakuwa imara zaidi pale. Iligunduliwa 2001. MRI ya hospitali nyingi ni tesla 1.5, sasa pima mwenyewe.

Nikiwa masomoni nje niliwahi kufunga fuwele ya aina hii ndani ya seli ya presha, kile kichombo cha kuibania. Ni kama unywele uliokatwa, unabandika nyaya nne za dhahabu chini ya darubini huku umebana pumzi, unaizamisha kwenye mafuta, unakaza pistoni ya seli, unapoza usiku kucha, asubuhi unakuta waya mmoja umeachia. Unafungua, unaanza upya. Mara ya tatu fuwele yenyewe ilipasuka kwa sababu nilipoza kwa pupa.

Binti_Ngongona:
Shikamoo mzee, asante sana, na wewe kaka wa chapati. Kwa hiyo nachora hotipoti, halafu nachora uga, nimemaliza?

Mzee_wa_Kelvini:
Marahaba. Uchore na mwelekeo wake, wengi wanakosea hapo. Kwa chumvi ya Bechgaard uga unasimama wima juu ya tabaka, ndo unaleta yule nyoka. Kwa BETS uga unalala sambamba na tabaka, ukiusimamisha tu usupakondakta wako umekufa.

Dereva_Jamatini:
Alhamisi saa ngapi? Nakuja na hotipoti.